Mdogo Mtu na Ini la Kaka

Kwa miaka sita mdogo mtu alihangaika maabarani na jambo moja: kuingiza vipande vya kingamwili ndani ya seli za ini, ili virusi vya homa ya ini B vishindwe kuzaliana humo. Kingamwili nzima haipenyi kwenye seli, lakini kipande chake kikifungwa ndani ya kitone cha mafuta huingia. Jumanne asubuhi majibu ya jaribio yalitoka, na virusi vipya vilikuwa karibu kwisha. Wenzake walipiga vigelegele. Yeye alivua glavu akaenda wodini.

Kaka yake, seremala, alikuwa amelala huko macho ya manjano, tumbo limejaa maji. Mama yao alikuwa na virusi hivyo. Kaka alizaliwa kabla ya chanjo kufika, akaambukizwa. Mdogo mtu alizaliwa baadaye, akachanjwa.

"Haya, mdogo wangu, dawa yenu imefika wapi?"

"Imefanya kazi, kaka. Kwenye seli, ndani ya sahani."

"Basi nitieni na mimi sahanini!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Mdogo mtu alitamani kumdanganya, ulimi ukakataa. "Kwa watu bado miaka mingi. Na kwako saratani iliyoletwa na virusi imeshalila ini. Hata ingekuwa tayari leo, tumechelewa."

Kaka aliuliza, "Na wanangu?"

"Wote wamechanjwa. Niliwapeleka mwenyewe."

"Basi nigeuze, ubavu umekufa ganzi."

Kaka alifariki Ijumaa. Jumatatu mdogo mtu alirudi kazini kurudia jaribio, maana jibu la mara moja halitoshi. Aliharibu seli za kwanza, akaanza upya.