Ndoo Kavu ya Bwana Fantoni

Mwaka wa pili wa Uhuru, siku mgodi wetu wa dhahabu ulipofungwa, Bwana Fantoni, fundi mkuu Mwitaliano, alituita sisi wachimbaji kwake tuonje mvinyo mwekundu. Kazi imekwisha, ugali haujulikani utatoka wapi, naye anatufundisha kunywa!

"Huu ni wa Piemonte, nilikozaliwa," alisema akitumiminia. "Nusa kwanza. Zungusha mdomoni. Kisha tema kwenye ndoo."

Tukatazamana. Mzee Mirumbe, aliyeachia vidole vyake shimoni, aliuliza polepole, "Unataka tukutemee?"

"Ndiyo, mzee. Wote mteme."

Kwetu Wakuria, mzee akimbariki msafiri hupiga funda la pombe akamtemea. Ndiyo baraka yenyewe. Na huyu alikuwa anaondoka kesho, akituachia mashimo na kikohozi.

Mirumbe akameza. Maurice, Mjaluo wa Osiri, alipomwona naye akameza. Nikameza na mimi, ingawa ulikuwa mchachu wa kukunja uso. Ukaja wa Toscana, tukameza. Ukaja wa Sicilia, mweusi kama damu ya ng'ombe, nao tukameza. Ndoo ikabaki kavu.

Bwana Fantoni alitokwa na machozi ya furaha. "Mmeupenda mvinyo wa kwetu!"



Kesho yake gari lilimchukua, akatupungia mkono mpaka kwenye kona. Baadaye tulisikia amefika kwao salama salimini, bila baraka yetu. Sisi tungali pale pale.