Jina Langu na Dramu la Tandabui Jazz

Usiku wa jana niliota jirani yangu, Mama Sijali, amenipa kitenge bure. Hapo hapo ningepaswa kujua ni ndoto. Huyu mwanamke ukimwomba kiberiti anakuwashia mwenyewe mlangoni, kisha anarudi nacho ndani.

"Sare hiyo, shoga," akasema. "Sare ya mashabiki wa Tandabui Jazz. Jumapili mchana wanapiga, na rapa atakutaja jina katikati ya wimbo. Wewe njoo tu."

Nikaguna. Rahisi ghali, sembuse bure. Lakini moyo ulinidunda, nisiseme uongo. Tandabui Jazz naipenda. Nyimbo zao naziimba nikikuna nazi, naziimba nikifua, na msibani kwa Mzee Mkude nilijishika mdomo kwa mkono.

Na kutajwa ndiyo heshima yenyewe. Sebene likikolea, magitaa yakishika kasi, rapa anawaita mashabiki wa kweli kwa majina yao, ukumbi mzima unasikia. Mimi tangu nimzae Mashaka, jina langu limekaa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Sokoni Mama Mashaka, zahanati Mama Mashaka. Hata mume wangu, aliyekuja kwetu kuniposa kwa jina langu kamili mbele ya wazee, sasa ananiita Mama Mashaka.

Basi nikajifunga kile kitenge juu ya kanga yangu. Kimechorwa magitaa, na magitaa yanapiga. Nikitembea yanapiga, nikisimama yananyamaza kunisubiri. Hilo sikulipenda hata kidogo.

Nafungua mlango wa nyumbani kwangu nitoke, najikuta mlangoni mwa ukumbi. Spika mmoja wa muziki, mrefu, amesimama hapo, amevaa tai.

"Jina?" ananiuliza.

"Mama Mashaka."

"Hilo la mtoto. Tunataka la kwako."

"La nini?"

"Ndiyo utaratibu. Shabiki anatoa jina, bendi inalitaja."

"Likishatajwa linarudi?"

Spika anakohoa, tai inatikisika. "Swali hilo," anasema, "hajawahi kuuliza mtu."

Hapo nikazidi kuingiwa na wasiwasi. Mimi nimelelewa na bibi ambaye ukimpa chai anakwambia uionje kwanza wewe.

Ndani si ukumbi tena, ni mashine ya kusaga ya pale kwetu Kichangani. Wanawake wa sare wamepanga foleni na ndoo zao. Kila mmoja anasema jina lake ndani ya ndoo, analifunika upesi lisimwagike, halafu anakwenda kulimimina kwenye dramu kubwa la bendi. Rapa ni kipaza sauti kitupu kilichoota miguu. Nawasalimia wanawake, hakuna anayemshangaa.

Aliye mbele yangu anamimina. Rapa anapaza sauti: "Mwanamvua! Mwanamvua wa Kihonda, shabiki damu!" Watu wanapiga vigelegele, mwenyewe anaruka kwa furaha mpaka kiatu kinamvuka. Kisha ananigeukia.

"Dada," ananiuliza, "wamemwita nani?"

Nikainama, nikaweka sikio kwenye dramu. Ndani kuna mtu anabisha hodi.

"Nani?"

"Kidawa."

"Kidawa wa wapi?"

"Wa kwa Baba Sijali, hapo jirani yako. Mwenye jina hili ndiye aliyenileta, sikukuu. Wamemwambia nitatoka siku atakayoleta mwingine."

Kumbe! Ndiyo maana kitenge cha bure. Nilimkasirikia Mama Sijali, nikamkasirikia kweli kweli, nikasema nikiamka sitamwitikia hodi mpaka kiyama. Lakini kile kisauti cha ndani kilikuwa kinatetemeka kama mtoto aliyesahauliwa msikitini, na hasira ikaniishia nusu.

"Mimi si mwizi," dramu linasema. "Nina nafasi ndogo tu. Moja linaingia, moja linatoka."

"Mama, jina!" rapa anafoka. "Sebene linapoa!"

Na jamani, nataka. Nataka hata mara moja tu nisikie linaitwa kwa sauti, na magitaa nyuma yake. Ulimi umeshafika "Mwa..." Halafu namkumbuka bibi. Ndiye aliyenipa jina hili, na yuko kaburini. Nikilipoteza nitakwenda kumwuliza nani?

"Kanali," nasema.

"Kanali nani?"

"Kanali wa Kichangani. Na yeye ni mwimbaji, wa alfajiri."

Kanali ni jogoo wetu. Mungu anisamehe.

"Kanaliii!" rapa analivuta jina, ukumbi unapasuka kwa shangwe. Dramu linameza, linacheua, na mdomoni mwake kinadondoka kijina kidogo, cha moto kama andazi. Nakiokota, nakifunga kwenye pindo la kanga yangu, fundo juu ya fundo, kama bibi alivyokuwa akifunga vitu vyake.

Magitaa ya kitenge yananyamaza yote kwa pamoja.

"Mama," spika anasema, "hicho pindoni ni nini?"

"Tumbaku ya bibi."

"Hebu tuonje."

Nikawaachia kitenge chao mkononi, nikatoka mbio.

"Mama Mashaka! Amka, jua limetoka!" Mume wangu ananitikisa bega. "Leo tumechelewa wote. Jogoo hajawika."

Nikatoka uani. Kanali yuko juu ya banda lake. Akanyoosha shingo, akafumbua mdomo, akatulia hivyo hivyo. Hakikutoka kitu. Mume wangu akasema ni mafua ya kuku.

Nikashika pindo la kanga niliyolala nayo. Lina fundo juu ya fundo. Nilipolala sikuwa nimefunga kitu.

"Hodi, shoga!" Mama Sijali huyo, anaingia na kitenge kipya kimekunjwa kwapani. Nimeona magitaa. "Nimekuletea sare. Bure!"

Sikukipokea. "Mama Sijali," nikamwambia, "hivi jina lako hasa ni nani?"

Akacheka. Akafumbua mdomo, akakaa hivyo kama Kanali. Macho yakamjaa machozi.

"Nilikuwa nalo," akasema. "Sikukuu nilikuwa nalo. Nimemwuliza Baba Sijali, ananijibu, kwani wewe si Mama Sijali?"

Ningeweza kumwacha. Alikuja kuniuza, tena asubuhi na mapema. Nikafungua fundo kwa meno. Hamkuwa na kitu, ila pindo lilikuwa la moto.

"Kidawa," nikasema.

Kitenge kikamponyoka. "Sema tena."

"Kidawa."

Akaketi kizingitini kwangu, akalia, akawa anajiita mwenyewe polepole, Kidawa, Kidawa. Nikalia naye, maana ilinigusa. Baadaye akafuta macho, akanishika mkono.

"Na wewe, shoga," akaniuliza, "jina lako hasa ni nani?"

Nikatazama kile kitenge pale chini. Nikajifunga kanga yangu vizuri.

"Mama Mashaka," nikamwambia.