Vijumba Viwili vya Getini

Mwenye jumba la Muaither, pembeni mwa Doha, alikwenda Uingereza, akaona vijumba vya mabawabu vya karne zilizopita vikikabiliana kwenye malango ya mabwana, akarudi roho haitulii mpaka naye ajengewe vyake. Akajengewa: vya mawe, paa la ncha, hata dohani la moshi. Nani awashe moto Doha? Mashine za kupoza hewa zikafichwa humo juu zisiharibu sura, na madirisha hayafunguki. Watakaokaa ndani hakuna aliyewauliza.

Cha kulia alikaa Athanas, cha kushoto Philipo, wote vijana wa Tanzania. Katikati ilipita njia ya magari, na amri ilikuwa moja: wageni wakiingia, bawabu asiivuke. Basi walizungumza kwa mikono.

Siku ya karamu magari yalianza kumiminika saa saba mchana. Athanas alitupa jicho ng'ambo, akamwona Philipo ameegemea kioo, kofia imemshukia usoni. Akacheka. Mwenzake alikuwa ameunganisha zamu mbili, na walinzi wana lao: mwenzio akisinzia unamfichia, kesho atakufichia wewe.

"Huyo Philipo mbona hashiki redio?" aliuliza Wesley kwenye redio, msimamizi wao, Mkenya asiye na mchezo.

"Yuko chooni, bosi."

Saa nane Wesley akauliza tena.

"Redio yake imeisha chaji, bosi. Namwona hapa, yuko sawa."

Saa tisa gari la mwisho likapita. Athanas akavuka mbio, utani umemjaa mdomoni. Alipofungua mlango, joto likampiga usoni kama la tanuri ya mikate. Mashine ilikuwa imezima. Ngozi ya Philipo ilikuwa kavu, inaunguza.

"Philipo! Kaka, amka!"

Akapiga simu. Akamburuta kivulini, akammwagia maji, akampepea kwa kofia, akalia. Hakujua kingine cha kufanya, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Gari la wagonjwa likafika, na Wesley akaja mbio. Mhudumu alipiga magoti, mikono yake ikifanya kazi haraka haraka.

"Ameanguka saa ngapi?"

"Sasa hivi tu," Wesley akajibu. "Huyu amekuwa akimwona muda wote."

Athanas aliiona kazi yake ikienda, na tiketi ya kurudishwa kwao.

"Nilidanganya, bosi," akasema. "Yuko hivi tangu saa saba."

Mhudumu akamtazama. Mikono yake ikapunguza kasi, kama ya mtu aliyejua amechelewa.