Kigae cha Nyuma ya Mlango

Mkaguzi alikuwa na fimbo nyembamba ya chuma yenye gololi nchani, na kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa kuiburuza juu ya sakafu za mabafu ya jengo jipya na kusikiliza. Gololi ikipita juu ya kigae kilicholala vizuri ilitoa sauti fupi, kavu. Ikipita juu ya kigae chenye uwazi chini yake, kigae kiliitika kama sufuria tupu. Mkaguzi aliinama, akabandika kipande cha utepe mwekundu, akaandika kwenye orodha yake, akasonga mbele.

Mjane wa fundi vigae aliijua sauti ile kabla ya mkaguzi. Ndiye aliyepewa usafi wa mwisho, ule wa kukwangua matone ya rangi na kung'arisha sakafu kabla ya makabidhiano, na wiki nzima alikuwa akiburuta ndoo yake bafu hadi bafu. Ghorofa mbili za chini ndoo ilipita kimya. Ghorofa mbili za juu ilipiga kelele kila hatua. Hakushangaa. Za chini alizilaza mumewe, ambaye mafundi walimwita Timazi, kwa kuwa hakikuwepo kitu chake kilichopinda, si ukuta wala neno. Za juu zililazwa baada ya kifua kumlaza yeye mwenyewe, akakohoa wiki mbili, akanyamaza. Mkandarasi akamleta mpwa wake azimalizie.

Ilipofika saa tano, bafu la juu kabisa lilikuwa limejaa utepe.

"Hii ni surua," alisema mwenye jengo, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo ambayo watu waliinama ili waisikie. "Nimejengewa nyumba ina surua."

Mkandarasi alicheka kwa adabu, kisha akashusha sauti. "Mama, nikwambie ukweli. Hizi za juu alizifanya marehemu. Mtu mgonjwa, mikono haina nguvu, nikamwonea huruma nikamwacha amalizie. Huruma ndiyo iliyoniponza."

Mjane alikuwa amepiga magoti kwenye korido, akifuta chini ya fremu ya mlango. Kitambaa kikasimama mkononi mwake.

"Na huyo fundi yuko wapi?"

"Tulimzika mwezi uliopita."

"Kwa hiyo kwenye jengo langu la pili hatakuwepo."

"Hatakuwepo, mama. Kosa tumeshalifukia."

Mwenye jengo alitabasamu kidogo. Ng'ambo ya barabara kiwanja chake cha pili kilikuwa tayari kimezungushiwa mabati, na tangu asubuhi mkandarasi hakuwa amepita dirisha hata moja bila kukitupia jicho.

Mdomo wa mkandarasi ni uleule. Msibani ulisema mbele ya watu kwamba mikono kama ya Timazi haizaliwi tena, ukalia mpaka mwenye mdomo akaletewa kiti na maji.

Mjane alisimama. "Shemeji, hizi si za mume wangu."

"Shemeji, nenda kamalizie ngazi."

"Hizi kalaza mpwa wako. Mume wangu kaishia ghorofa ya pili."

Mpwa alikuwa ameegemea dirisha, amevaa viatu vipya. "Mimi nilikuwa nachanganya saruji tu, mama. Muulize yeyote." Na yeyote wa kuulizwa pale alikuwa anakula kwa mjomba wake.

Mjane hakuwa anadai kitu. Mumewe hakumwachia nyumba wala shamba. Alimwachia mwiko, pima maji na jina. Mwiko na pima maji aliwagawia mafundi wenzake siku ile ile ya maziko. Jina ndilo lililobaki, na sasa lilikuwa linaangushiwa jumba bovu, na kalamu ya mkaguzi ilikuwa wazi.

"Usiandike kwanza, baba," alimwambia mkaguzi. "Mume wangu alikuwa na alama. Kila bafu, kigae cha mwisho ni kile cha nyuma ya mlango, na kabla hajakilaza anaandika nyuma yake tarehe na herufi yake, kwa penseli. Miaka ishirini na sita hajaacha. Bandueni hicho hapo. Hamtaona kitu."

Mkaguzi alitazama saa, kisha akatazama kigae. "Hiki kinaitika. Kitatoka hata kwa kisu."

Kikatoka, kizima, kama kifuniko cha kopo la maziwa. Chini yake palikuwa na madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, na baina yao hewa. Mgongo wa kigae ulikuwa mweupe, hauna mstari.

"Umeona?" mjane alisema.

"Kaona nini?" mkandarasi aliuliza. "Mgonjwa kasahau. Mkono mmoja umeshika kifua, penseli angeshika kwa upi? Kwa meno?"

Mpwa alicheka kwa pua.

"Kutokuwepo hakunisaidii, mama," mkaguzi alisema. "Unasema anaandika. Nionyeshe alipoandika."

Basi wakashuka wote, mjane akitangulia, mikono yake inanuka dawa ya sakafu. Aliwapeleka bafu la kwanza la chini, maana hilo alikuwa na uhakika nalo kuliko la pili na la tatu. Siku lilipolazwa vigae alimletea mumewe chakula, akamkuta amebakiza kigae kimoja. Mumewe alimshikisha kigae hicho, kifudifudi, akaandika nyuma yake huku anatabasamu. Mjane aliyaona maandishi kwa macho yake.

"Hili sakafu yake haina kasoro," mkaguzi alionya. "Nikivunja, nimevunja kitu kizima."

"Vunja," alisema mjane.

Patasi alipewa mpwa. Alipiga mara ya kwanza, patasi ikateleza. Alipiga mara ya tano, jasho likamtoka. Kigae hakikunyanyuka hata unene wa karatasi. Mwishowe akageuza nyundo akakipasua katikati, na hata hapo hakikubanduka. Kilimeguka vipande vipande, na kila kipande kilikuja na saruji yake, unene wa kidole, imeng'ang'ania mgongoni kama nyama kwenye mfupa.

Mjane alipiga magoti katikati ya vipande. Alikigeuza kimoja, kijivu. Kingine, kijivu. Alikwangua kwa ukucha mpaka ukucha ukakatika. Maandishi ya penseli yalikuwa humo, katikati ya saruji na kigae, mahali pasipoingia hata pumzi.

"Maandishi, shemeji," mkandarasi alisema. "Tusomee."

Hapo ndipo alipokumbuka yaliyofuata siku ile. Alimuuliza mumewe, sasa unaandika nyuma, unapaka saruji juu yake, nani atayaona? Naye, akikigongagonga kigae chini kwa mpini wa mwiko, alimjibu, "Wakiweza kuyasoma, ujue nililaza vibaya." Wakacheka wote wawili, wakala.

Mkaguzi aliokota kipande, akakipitishia kidole gumba. Uso wake ulilainika kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Hii imejaa. Sioni tundu hata la sindano. Aliyelaza hapa ni fundi."

"Ndiye huyo," alisema mjane kutoka chini. "Ndiye ninayekwambia."

"Mimi nakagua vigae, mama. Watu siwakagui. Nani kafanya wapi, namuuliza mkandarasi." Akamgeukia. "Bafu hili la nani?"

Mkandarasi hakupepesa jicho. Alimwekea mpwa wake mkono begani. "La kijana wangu huyu."

Mpwa alimtazama mjomba, akatazama patasi mkononi, halafu akajinyoosha. "Nilijitahidi," alisema.

"Shemeji," mjane alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwenye jengo. "Ulilia kwake. Nilikuona."

"Nililia. Na nikachangia jeneza. Sasa unataka na nini tena?"

Mwenye jengo alikuwa ameshachoka. "Mimi nataka sakafu, sitaki historia. Za juu zirudiwe. Na huyu kijana ndiye awe kule ng'ambo, kama mkono wake ni huu."

Mkaguzi aliandika, kisha akasoma kwa sauti kama utaratibu unavyotaka. Mabafu ya ghorofa ya tatu na ya nne, vigae vina uwazi, vililazwa na fundi ambaye sasa ni marehemu, mkandarasi atarudia. Mabafu ya chini, kazi nzuri. Alisita, akaongeza mstari mmoja. Bafu la kwanza, kigae kimoja kimevunjwa.

Walitia saini juu ya ukingo wa sinki. Mkaguzi aliviruka vipande kwa uangalifu, asichafue viatu.

"Fagia hapo, shemeji," mkandarasi alisema akiwa mlangoni. "Mtu asije akajikata."

Alifagia. Vipande vikubwa viwili alivificha kwenye kanga yake, na nyumbani akaviloweka kwenye beseni siku tatu, akavisugua kwa waya wa masufuria. Saruji haikuachia.

Wiki iliyofuata mpwa alirudishia kigae bafu la kwanza. Kwa haraka, maana ng'ambo mabati yalikuwa yameshafunguliwa na msingi unachimbwa. Mjane aliitwa apige deki kabla wapangaji hawajaleta vitanda. Alijaza ndoo, akafunga mlango, akaanza kuiburuta kutoka chini ya dirisha kuja nyuma, safu baada ya safu. Ndoo ilipita kimya chini ya sinki, ikapita kimya kwenye bomba la kuogea, ikapita kimya katikati, na mjane alikuwa anaisikiliza kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua. Ilipofika nyuma ya mlango, kigae kikaitika.

Aliirudisha ndoo nyuma, akaiburuta tena.