Vifuniko Viwili

Bakuli lilikuwa tupu zamani, lakini mbwa Kiraka aliendelea kulilamba, akilisukuma kwa ulimi sakafuni kote mpaka likagota mguu wa cherehani. Hapo akainua kichwa, akamkodolea macho fundi kama mteja aliyeahidiwa suruali tangu juzi.

"Umeshakula," fundi alimwambia. "Vifuniko viwili. Hapa si hotelini."

Kifuniko chenyewe kilikuwa cha chupa ya chai. Chupa ilivunjika siku nyingi, kikabaki yatima juu ya rafu. Mke wa fundi ndiye aliyekifanya kipimo siku alipokileta nyumbani kile kitoto cha mbwa chenye doa jeusi jichoni. Asubuhi aliyopelekwa hospitali, akiwa ameegemezwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi, mumewe aliinama dirishani kusubiri neno zito. Mwanamke akavuta pumzi, akasema: "Mbwa mpe vifuniko viwili asubuhi, viwili jioni. Usizidishe, bado mdogo." Gari likaondoka. Hakurudi tena.

Wakati wa uhai wake fundi hakuwa mtu wa kuambiwa akasikia. Alipofiwa, alitii kwa miaka yote aliyokaidi. Kila mlo alikijaza kifuniko wali uliochemshwa na vipande vya maini, akausawazisha kwa ukingo wa rula, punje isizidi, isipungue. Mbwa akala chaki ya kukatia vitambaa. Akala sifongo ya mabega ya koti. Fundi aliuita utundu, akahamishia vitu juu ya kabati.

Binti yake alipokuja kumjulia hali, alimnyanyua Kiraka kabla hata hajavua viatu. Vidole vikamtembea ubavuni.

"Baba, mbona mbavu zote nje?"

"Ndivyo alivyo. Mrefu wa umbo."

"Mrefu wa njaa." Akamweka chini polepole. "Nina rafiki mwenye uwanja mkubwa. Jumamosi nakuja kumchukua."

"Mama yako ndiye aliyemleta, mama."

"Najua. Ndiyo maana sitaki naye tumzike."

Fundi aligeukia cherehani, akatunga uzi kwenye sindano iliyokwisha kutungwa.

Kesho yake alimfunga Kiraka katika kipande cha kaki, akampeleka kwa daktari wa wanyama, mwanamke mnene wa sauti kavu, ambaye mabinti zake walishonewa sare kwa fundi huyo huyo.

"Unampa kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha. Kile kile."

"Kile kile tangu lini?"

Fundi alianza kuikunja ile kaki. Daktari akabinya ngozi ya mgongo wa mbwa, akaiachia, akaitazama inavyochelewa kurudi.

"Mifupa inakua, nyama haina cha kuifuata. Nani alikupa hicho kipimo?"

"Marehemu."

"Alisemaje hasa?"

"Alisema vifuniko viwili. Usizidishe, ba..." Miezi yote alikuwa akiyarudia maneno yale kama dua, ila mwisho wake alikuwa akiupita mbio. "Bado mdogo," akamalizia kwa sauti ya chini.

Daktari alijishughulisha na kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Fundi, mtoto wa shule ukimshonea gauni, unalikata sawasawa na mwili wake?"

"Ah, hapana. Namwachia pindo."

"Basi na huyu mwachie pindo tumboni. Nusu kifuniko zaidi kila mlo, na mlo wa mchana. Usimjaze mara moja, atatapika. Kila wiki mpime, umpapase mbavu, uongeze. Atakavyokua ndivyo kipimo kitakavyokua. Wewe kupima unajua, au nikufundishe?"

Jioni ile fundi alisimama na kifuniko mkononi, viwili vikiwa vimeshamiminwa. Ile nusu ilimlemea. Aliona kana kwamba akiimimina atakuwa amemkatiza mkewe maneno, kwamba sauti ya mwisho iliyobaki ndani ya nyumba itakuwa imeishiwa kazi. Kiraka alilia mara moja, kwa pua. Fundi akafumba macho, akamimina.

Mbwa alikula, akajilamba, akaenda kulala chini ya meza. Bakuli halikusukumwa popote. Nyumba ikawa kimya kabisa, na ndipo fundi alipotambua kwamba ule mkwaruzo wa bakuli ndio uliokuwa ukimliwaza.

Jumamosi binti alikuja na kikapu. Akampapasa Kiraka, akakunja uso, akapapasa tena.

"Amekuwa mzito kidogo," alisema. Kikapu akakirudisha kitupu. "Wewe je, baba? Mimi sijakuona ukila."

"Nitakula."

Tangu hapo akawa anapiga simu kila jioni, swali lile lile, kama amekula, na jibu lile lile: bado.

Siku zilisogea, kipimo kikapanda, na jioni moja ya mvua mbwa akaanza kukohoa. Mkanda wa shingoni ulikuwa umembana. Mke wa fundi ndiye aliyeushona, kwa mkono, kwa mabaki ya pazia. Mshono wenyewe ulikwenda upogo, na ulivyokuwa mnene, fundi alimcheka siku nzima: "Umemvisha mkanda au umemfunga bandeji?" Yeye alicheka naye, asijitetee.

Fundi alichukua wembe, akafumua. Ndani, kitambaa kilikuwa kimekunjwa, kikakunjwa tena, kikakunjwa tena, mkunjo juu ya mkunjo, na rangi iliyofichwa humo ilikuwa mbichi kama siku pazia lilipotundikwa. Aliukunjua wote juu ya paja lake. Ulikuwa mrefu wa kutosha shingo ya mbwa mkubwa, mbwa ambaye mwanamke yule alijua hatamwona.

Alikaa nao hapo mpaka mlango ukaanza kufifia kwa giza. Kisha akaachia mkunjo mmoja, mingine akairudisha ndani kama ilivyokuwa, akaanza kushona juu ya matundu yale yale ya upogo.

Simu ikalia. Binti aliuliza swali lake.

"Bado," alisema fundi, uzi ukiwa mdomoni.