Ombi Lako Linasubiri Idhini ya Mzazi

Nina miaka arobaini na sita, nazibua mabomba ya watu mji mzima, na bado nyumbani kwangu naomba ruhusa ya kucheza gemu kwa binti yangu wa miaka kumi na sita.

Kosa ni langu. Siku tulipojiunga na kifurushi cha familia cha magemu, fomu niliijaza mimi, tena bila miwani. Tarehe yangu ya kuzaliwa nikaiweka kwake, yake nikaiweka kwangu. Tangu hapo mtambo unajua yeye ndiye mzazi na mimi ndiye mtoto. Mtoto anacheza saa moja kwa siku. Akitaka zaidi, atume ombi.

Nilipiga simu kwenye kampuni. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa na adabu mpaka nikakereka.

"Umri unarekebishwa na mzazi tu."

"Mzazi ndiye mimi!"

"Kwenye mfumo wetu wewe ni mtoto, kaka. Zungumza na mzazi wako."

Na huyo mzazi wangu, ambaye nyumbani tunamwita Waziri kwa kupenda kutoa matamko, kila nikimwambia arekebishe anasema kesho. Lakini alikuwa ananiidhinishia bila neno, basi nikaacha yapite.

Wiki hii tukagombana. Amechaguliwa kwenda kambi ya hesabu, mji mwingine, wiki mbili. Nikasema haendi. Akauliza kwa nini. Nikasema nimeshasema. Hakununa hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Ijumaa jioni ni siku ya mdogo wangu. Anafanya kazi nchi ya mbali, mwaka wa tisa huu, na kila Ijumaa tunacheza mpira kwenye gemu, tunasikilizana kwa vipokea sauti. Tunatukanana kwa raha zetu, na katikati ya matusi ndipo anaposema ya moyoni. Leo tulikuwa mbili kwa mbili aliposema, "Kaka, kuna jambo nataka kukwambia." Kioo kikawa cheusi. Muda wako umekwisha.

Nikampigia simu haraka. "Ah, si kitu, kaka. Tutaongea." Kwenye simu huwa si kitu.

Nikatuma ombi. Limekataliwa.

"Waziri!"

"Andika sababu, baba," akajibu kutoka chumbani kwake. "Kuna kisanduku."

"Sababu ni kwamba mimi ni baba yako!"

"Hiyo siyo sababu. Hicho ni cheo."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka pasi pembeni. "Mwandikie mtoto sababu, mambo yaishe."

Mechi haijaisha, nikaandika. Limekataliwa. Acha utani. Limekataliwa. Nilitamani kukitupa kile kidude dirishani. Jina la mdogo wangu bado lilikuwa pale juu ya kisanduku cha ombi, ananisubiri. Nikaandika kwa hasira, bila kupumzisha kidole:

"Baba yako mdogo ana jambo na kwenye simu hasemi. Aliondoka kwa kazi ya wiki mbili. Bibi yako alikataa, mimi nikambembeleza mpaka akakubali, na begi nikambebea mimi. Bibi yako amekufa hajamwona tena. Usinitajie wiki mbili."

Nikatuma kabla sijasoma. Kisha kioo kikawaka: umeongezewa saa tatu.

Waziri akaja, akakaa kwenye mkono wa kochi langu, akainama karibu na kipaza sauti.

"Shikamoo, baba mdogo. Unarudi lini?"

Miaka tisa nimemfunga mabao mtu huyu, swali hilo sijawahi kumuuliza. Nilikuwa naogopa jibu.

"Marahaba, mwanangu." "Sirudi. Ndilo nililotaka kumwambia baba yako. Nimeoa huku, mtoto yuko njiani. Mlango uko wazi, mje nyie."

Nilivua vile vipokea sauti, nikaviweka mapajani. Hasira nilizokuwa nazo sikujua tena ni za kumkasirikia nani.

"Wiki zangu mbili zina tarehe ya kurudi, baba," Waziri akasema kwa sauti ya chini. Alikuwa amekuja na fomu yake ya kambi na kalamu. Nikaiweka juu ya goti, nikasaini.

"Kaka?" sauti ndogo ikawa inaita mapajani mwangu. "Kaka, bado upo?"

"Nipo," nikasema. "Mimi niende wapi?"