Miongozo Mitatu Juu ya Meza ya Kukatia

Bi Sindano aliitandaza miongozo yote mitatu ya kompyuta juu ya meza ya kukatia, akaibana pembe kwa mkasi, pasi baridi na kopo la vifungo, kisha akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Ndivyo alivyozoea kuchagua mkato wa gauni. Hausomwi kama barua. Unatandazwa, unaonwa wote kwa pamoja, na moyo wenyewe unasema kama utakaa vizuri mwilini.

Mwongozo wa kwanza ulikuwa wa Mwalimu, jirani wa nyumba ya tatu, aliyestaafu baada ya kufundisha kompyuta miaka mingi. Kurasa kumi na tisa, zimebanwa pini, kila hatua na picha yake. Wa pili ulikuwa wa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa simu katika mji wa mbali. Aliutuma kwa ujumbe, naye Bi Sindano akaunakili kwa kalamu, ukaenea karatasi moja ya daftari na nafasi ikabaki. Wa tatu aliuandika huku akitazama video ya bwana mmoja mwenye haraka, aliyesema "rahisi sana" kila baada ya sentensi mbili. Huo aliukunja mapema akausukumia chini ya kopo. Alikuwa hamwamini mtu wa rahisi sana, awe wa kompyuta au wa kuahidi gauni kesho.

Maana yeye alikuwa na cha kupoteza. Kompyuta kuukuu iliyokaa kando ya mashine ya kutarizi ilibeba michoro mia mbili na kumi na minne, yote ya mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Aliichora kwa miaka kumi na mmoja, kabla kiharusi hakijamchukua mkono wa kulia na nusu ya ulimi. Katika kila mchoro, katikati ya majani, jani moja lilitazama nyuma. Wateja waliojua walilitafuta hilo kwanza, hata kabla ya kujaribu nguo. Na kila siku saa kumi alasiri Fundi alitoka chumbani na mkongojo wake, akaketi mbele ya kompyuta, akaifunua michoro yake mmoja mmoja kwa kidole cha mkono wa kushoto. Chakula cha mchana angeweza kukisahau. Saa kumi hakuikosa.

Sasa shule moja ilikuwa imeleta faili la beji ya masweta, na faili hilo lilifunguka kwa programu mpya tu. Programu mpya ilikataa mfumo wa zamani wa kompyuta. Programu ya Fundi nayo ilikataa mfumo mpya. Dawa, kila mtu alimwambia, ni kuiweka mifumo miwili ndani ya kompyuta moja, ukiwasha unachagua unaoutaka.

"Usiutoe wa zamani," Fundi alimwambia asubuhi ile, kila neno akilitafuta.

"Siutoi. Watakaa kama wapangaji wawili. Ukibisha hodi unaulizwa, umemfuata nani?"

Fundi alicheka upande mmoja wa uso. "Mpangaji mpya... atamtoa wa zamani."

"Kwangu hatoki mtu, Fundi. Nenda kalale."

Akaipelekea mashine ya kutarizi mchoro wa kola ya bibi harusi, kazi ya baadaye, akaiacha ikisubiri na kitaa chake cha kijani. Kisha akauchukua mwongozo wa Mwalimu, kwa sababu ulikuwa mnene, na kitu kinene humtia mtu imani.

Ukurasa wa kwanza ulisema: nakili kila kitu kwenye flashi kabla hujagusa lolote. Alikuwa na flashi moja, ya bluu, aliyoifunga uzi mwekundu isipotee kati ya vitambaa. Akanakili. Michoro yote mia mbili na kumi na minne ikaingia, akaihesabu mara mbili, akajisikia mtu mwenye akili. Ukurasa wa tano ulimtaka atie sidii aliyopewa na Mwalimu. Kidroo cha sidii hakikufunguka. Akakigonga, akakipuliza, akakichokonoa kwa pini. Wapi. Akapiga simu.

"Shikamoo Mwalimu. Kidroo cha sidii kimegoma."

"Marahaba. Basi kiache, nitakuja jioni nikitazame."

"Jioni mbali, Mwalimu. Mwenye beji anaifuata kesho asubuhi."

"Hata hivyo. Ule mwongozo nimeufunga kama mnyororo, mama. Usiruke pete hata moja."

"Sawa, Mwalimu," alisema Bi Sindano, ile sawa ya kumalizia simu.

Akageukia karatasi ya shemeji. Shemeji hakutumia sidii. Yeye mfumo mpya aliupakua, akautia kwenye flashi. Basi shida iko wapi? Kwa miaka thelathini Bi Sindano hakuwahi kushona gauni kwa mkato mmoja. Alichukua mkono hapa, kola pale, kiuno kwingine, na jina lake lilikuwa limepatikana humo humo, katika kuunga visivyoungana mpaka mshono usionekane. Akachukua mkono wa shemeji, akautia kwenye bega la Mwalimu.

Flashi aliyokuwa nayo ni ile ya bluu. Kompyuta ikamwuliza kitu, na kipembetatu cha njano. Ilikuwa ikimwuliza vitu tangu asubuhi. Akabofya ndiyo.

Kwenye ukurasa wa kumi na mbili Mwalimu alitaka apunguze sehemu kubwa ya diski ili kumpatia mpangaji mpya chumba. Kulikuwa na picha saba, na hakuna hata moja iliyofanana na alichokiona kwenye skrini. Karatasi ya shemeji ilikuwa na mstari mmoja tu: *Futa sehemu ya tatu, ni tupu, uweke hapo.* Bi Sindano alihesabu kwa ncha ya chaki. Moja, mbili, tatu. Ya tatu ilikuwepo, kama shemeji alivyosema. Akafuta, akaweka hapo.

Kazi ilichukua dakika arobaini. Kompyuta ilipowaka tena ilimwuliza kwa adabu kama anautaka mfumo mpya au wa zamani, naye akapiga makofi peke yake chumbani. Akachagua wa zamani. Ukaja. Akafungua programu ya Fundi. Ikaja. Akatafuta michoro.

Haikuwepo. Hata pale ilipokaa hapakuwepo tena.

Akachomeka flashi. Ndani yake yalikuwa majina ya ajabu ya mfumo mpya, mengi, yamepangwa vizuri, na la Fundi hata moja halimo. Akaichomoa, akaifuta kwa pindo la gauni, akaichomeka tena, kana kwamba michoro imenasa vumbi. Akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akampigia shemeji.

"Shemeji, ile sehemu ya tatu. Kwako ilikuwa tupu?"

"Tupu kabisa. Kwako je?"

Bi Sindano aliusoma tena ule mstari mmoja wa karatasi.

"Shemeji? Sikiliza, usiguse kitu tena. Wapo watu wanaorudisha vilivyofutwa. Saa nyingine vinarudi."

"Saa nyingine."

"Ila kama umeshaandika kingine juu yake..." Sauti ilishuka. "Umeandika?"

"Nimeweka hapo. Kama ulivyosema."

"Mimi nilikuandikia ya kwangu, shemeji. Nilikuwa naitazama mashine yangu."

"Najua. Sikulaumu."

Na kweli hakumlaumu. Laiti angekuwa na wa kumlaumu, angepata pa kushika. Miongozo yote miwili ilisema kweli, kila mmoja kwa kompyuta yake, na yeye ndiye aliyeiunga. Mshono haukuonekana. Alilia bila sauti, akijipiga paja kwa ngumi, mpaka macho yake yakakutana na kitaa cha kijani.

Kola ya bibi harusi.

Mashine ile ilikumbuka mchoro mmoja tu, wa mwisho kupelekewa. Ilipokea na haikurudisha. Hakuna waya wala flashi ya kuutoa humo. Na ikizimika, husahau. Alasiri umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia ya kupepesa kama jicho lenye mchanga.

Akanyanyuka mbiombio. Hakungoja kitambaa cha bibi harusi. Alinyakua chakavu cha kwanza alichokiona, akakibana kwenye fremu, akabonyeza. Sindano ikaanza kudunda. Ulipomalizika mmoja akabana chakavu kingine, kisha kingine, kaniki, pamba, kipande cha shuka, bila kujua atavifanyia nini. Michoro mia mbili na kumi na mitatu ilikuwa imekwenda, naye alikuwa anaushona uliobaki kama mtu anayekinga maji kwa viganja.

Saa kumi mkongojo ukagonga sakafuni. Fundi aliingia, akaketi polepole, akaweka kidole cha kushoto juu ya kitufe cha kufunulia. Skrini ilikuwa nyeupe.

"Wapangaji?" aliuliza.

"Wameshaingia," alisema Bi Sindano, mgongo ukiwa kwake. "Wote wawili."

Fundi alibonyeza. Akasubiri. Akabonyeza tena.

"Inachelewa."

Mchana mzima Bi Sindano hakuwa ametafuta hata neno moja la kumwambia.

"Ndiyo," alisema. "Inachelewa."

Taa ya darini ikafifia, ikarudi. Mashine ilisita pigo moja, kisha ikaendelea, na juu ya kipande cha shuka jani lililotazama nyuma likaanza kutokea. Nyuma yake kidole cha Fundi kilibonyeza, kikangoja, kikabonyeza.